Udongo wa Marehemu Saida

Bi Miza binti Abdulrazak si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Ameosha maiti za wanawake wa Bagamoyo zaidi ya nusu ya umri wake, amewakanda matumbo, amewasafisha yale ambayo hata binti zao waliyakimbia wakaenda kulilia uani. Akimaliza huoga, hujifukiza udi, kisha hukaa kula wali wake na samaki bila kusitasita. Ndiyo maana majirani walishangaa mwaka huu kumsikia akisema, tena mbele za watu, kwamba mtoto wa dada yake anamtia kichefuchefu.

Ana duka huko huko Bagamoyo, mtaa wa Mji Mkongwe, katika chumba cha mbele cha nyumba iliyoachwa na babu yao aliyekuja kutoka Oman kufanya biashara ya nguo. Biashara ya nguo ilikufa siku nyingi, ikabaki nguo ya aina moja tu, sanda. Anauza na pamba, kafuri, marashi ya waridi na udi. Wateja wake huja wamevimba macho, naye anajua kuwahudumia kimyakimya: hupima, hukata, hufunga, husema poleni. Mdomo wake huufungua nyakati nyingine, na ukishafunguka hausitiri mtu.

Dada yake, Saida, hakuwa hivyo. Saida alikuwa mpole mpaka akawa anaudhi, maana ukimpa sahani ya chakula alikuwa anatazama kwanza nani hajala. Alijaliwa mtoto mmoja, Hamoudi, aliyekwenda Dubai kijana mdogo kuuza simu, akapanda ngazi hadi kuuza majumba. Saida alifariki miaka minne iliyopita, na Bi Miza ndiye aliyemwosha.

Hamoudi hakuwahi maziko. Kwa hilo hakuna aliyemlaumu, kwa sababu maiti ya Mwislamu haiwekwi ikangoja ndege. Lakini hitma ya siku ya tatu ilipita, arubaini ikapita, mwaka ukapita, na Ramadhani baada ya Ramadhani. Alikuwa akituma fedha za pilau na ujumbe wa sauti wenye kulia ndani yake. Akiulizwa lini atakuja, husema safari zimekuwa ngumu, mama mdogo, hujui tu. Bi Miza alikuwa akiusikiliza ujumbe ule mara moja, kisha anaufuta.

Basi mwaka huu ikaja habari kwamba Hamoudi amenunua kiti katika roketi.

Aliyeileta ni Mwalimu Shadya, jirani yake, anayefundisha fizikia sekondari. Aliingia dukani akiwa na simu mkononi na macho yanamng'aa.

"Shikamoo Bi Miza. Umesikia ya Hamoudi?"

"Marahaba. Ameoa tena?"

"Anakwenda angani. Kuna kampuni ya Wazungu inapeleka watu. Wanapita mawingu yote, wanafika mahali ambapo mbingu ni nyeusi na jua linawaka. Wanaelea dakika chache, halafu wanarudi."

"Wanafanya nini huko?"

"Wanatazama."

"Wanatazama nini?"

"Wanatutazama sisi."

Bi Miza akaweka mkasi mezani. Alitaka kucheka, cheko likakataa kutoka. Mtu ameshindwa kuja kututazama kwa ndege ya saa chache tu, sasa anapanda juu ya mawingu ili atuone vizuri.

Shadya, kwa kuwa ni mwalimu, hakuliachia hapo. Alisema mambo ya anga si ya kudharau. Setilaiti ndizo zinazosema mvua kubwa inakuja, wakulima wa mananasi kule Kiwangwa wanapata ujumbe kwenye simu kabla mawingu hayajaonekana, na hata hiyo simu yenyewe inategemea vyombo vya huko huko. Nchi maskini ikikataa kuchangia elimu hiyo, itabaki kuomba ya wenzake.

"Hilo nimelikubali," alisema Bi Miza. "Chombo kiende kikatazame mvua, na serikali ikitoa fungu lake sitanung'unika. Chombo hakirudi kuja kujisifu. Mimi nauliza huyu wetu. Anakwenda kupima mvua?"

"Hapana. Lakini wanasema mtu akiiona dunia kutoka kule anarudi mwingine. Anaona hakuna mipaka. Anawapenda watu wote."

"Watu wote ni wengi mno. Mamake ni mmoja, na kaburi lake nakwenda kwa miguu kutoka hapa."

Hapo Shadya akasema kitu ambacho Bi Miza hakukitarajia. Alisema yeye mwenyewe akipewa nafasi ile angekwenda kesho, hata kama angekufa huko. Tangu utotoni alitaka kujua giza lile la mchana linafananaje. Alilisema taratibu, kama mtu anayetaja chakula alichokosa. Bi Miza alimtazama na hakuona kinyaa hata kidogo. Hilo lilimsumbua, kwa maana lilionyesha kwamba tatizo lake si roketi.

Hamoudi alikuja Bagamoyo kabla ya safari. Mnajua desturi yetu: anayekwenda Hija huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kwa ndugu, kwa majirani, kwa aliyemsengenya na aliyemdhulumu, kwa kuwa huenda asirudi. Naye anayeombwa husema nimekusamehe duniani na akhera, wanashikana mikono, imekwisha. Ni jambo zito na la faragha. Hamoudi aliichukua desturi hiyo nzima nzima akaifanya ya roketi. Alipita mitaani amevaa kanzu nyeupe na kilemba cha Kiomani, na mbele yake anatembea kinyumenyume jamaa mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Muataz, mwenye kamera. Watu waliombwa radhi na mtu ambaye hawajawahi kukoseana naye hata neno. Wengine walirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mwanga haukukaa sawa.

Walipofika dukani, Hamoudi alimbusu mama yake mdogo mkono, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Bi Miza alimuuliza mambo ya kawaida, amekonda, anakula nini. Kisha akamuuliza huko juu mtu akibanwa anafanyaje.

Hamoudi alicheka. "Safari fupi, mama mdogo. Lakini wengine wanavaa nepi, ikitokea bahati mbaya. Na kuna mfuko wa kutapikia."

"Mwanamume mzima unalipa mali yote hiyo ukavae nepi."

"Ukiwa kule hulifikirii hilo. Unafikiria uumbaji wa Mungu."

"Na hapa hauonekani?"

Hamoudi alimkonyeza Muataz, akashuka kwenye kigoda akapiga magoti sakafuni, akaubadilisha uso. "Mama mdogo, nakuomba radhi. Nilikosa kwa mama. Sikuwahi kumzika. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye umebaki mahali pake."

Maneno mazuri, na angeyasema bila yule Muataz aliyekuwa amechuchumaa kando ya marobota ya sanda, pengine mambo yote yaliyofuata yasingetokea.

"Zima hicho chombo," alisema Bi Miza.

"Bi mkubwa, sekunde kidogo tu," alisema Muataz. "Hii sini itakuwa kali kinoma, watu watalia."

"Radhi haiombwi ili watu walie. Hamoudi, inuka. Kaburini umekwenda?"

"Bado. Nitakwenda."

"Nenda kwanza. Ukitoka huko, uje peke yako, tutazungumza."

Akainuka, akajipangusa magoti. Jioni ile wakafanya dua kubwa uani kwa marehemu Saida, na shekhe alipouliza, jamani, mmemsamehe ndugu yenu, umati mzima ukaitika tumemsamehe. Bi Miza alifunga mdomo. Hamoudi akaondoka keshoye alfajiri bila kurudi dukani, kwa kuwa aliona jibu la watu wote limetosha na la mama mdogo limo humo humo.

Akapanda roketi yake, na akarudi salama. Bi Miza alimwombea arudi salama, tena kwa moyo wake wote, na ningependa hilo lijulikane. Alikuwa mtoto wa Saida.

Lakini mapokezi yake, Mungu atuhifadhi. Walimpokea kama haji. Matwari yalipigwa tangu njia panda, watu wakajaa uani, wanaume wakampa mkono na kumwomba awaombee dua. Naye alikaa kwenye kiti cha kufumwa akigawa tende na vichupa vya maji. Bi Miza alimuuliza Shadya kwa sauti ya chini, yale maji ya zamzam kayapata wapi, huyu roketi yake si ilirukia jangwani kwa Wazungu? Shadya akamwambia si zamzam. Ni maji ya dukani, ila yalipanda naye juu yakashuka naye.

Watu waliyanywa. Walielekea kibla, wakasema bismillahi, wakayanywa kwa mafunda matatu. Kulikuwa na mwanamke mja mzito aitwaye Mgeni, aliyejimwagia kidogo kitovuni ili azae kwa wepesi. Hamoudi aliliona hilo na hakumkataza. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyezoea kuombwa baraka. Hapo ndipo Bi Miza alipoomba ndimu ainuse.

Kisha ikafungwa shuka nyeupe ukutani, wakaonyeshwa video.

Ilianza vizuri, si uongo. Dunia ilionekana imejikunja pembeni, buluu, na juu yake weusi mtupu. Shadya alishika kifua. Hata Bi Miza alitazama, akasema subhanallah na hakusema kwa mzaha. Halafu akaonekana Hamoudi anaelea, uso umevimba, kashika kichupa cha kioo kilichojaa udongo. Alisema kwa sauti ya kukatika: "Mama, sikuwa nawe siku ya mwisho. Leo nimekuchukua kutoka kaburini kwako, nimekuleta mahali ambapo hakuna mama mwingine wa Bagamoyo aliyewahi kufika." Machozi yake hayakudondoka. Yaligandana machoni kama utando wa uji, akayafuta kwa mkono. Uani watu wakaanza kulia. Mwanamke mmoja akasema, huyu ndiye mtoto wa kuzaa.

Picha ikabadilika, ikaonyesha udongo ulivyochotwa. Yuko makaburini, amepiga magoti, kaburi la baba yake lenye kingo za saruji liko kushoto kwake. Anatia mkono katika kaburi la upande wa kulia, lenye mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni, na anachota.

Bi Miza akasahau ndimu mkononi.

Sisi wanawake hatuendi kuzika. Lakini arubaini ilipokwisha, Mzee Majaliwa, mchimba makaburi, alimpeleka Bi Miza akamwonyesha dada yake alipolala, na tangu hapo kila inapokaribia Ramadhani yeye huenda kung'oa majani. Saida hakulala kando ya mumewe. Nafasi ile ilikuwa yake, alitunziwa miaka mingi. Ila mwaka mmoja kabla ya kifo chake bahari ilitupa maiti ya mwanamume ufukweni, imeharibika, haina jina wala mtu wa kuiulizia. Makaburi upande ule yamejaa, na wazee walikuwa wakizozana pa kumweka. Saida akatuma neno kwamba wampe nafasi yake, yeye akifa watamtafutia pengine. Wakamzika maskini yule kando ya mumewe. Saida akalazwa nyuma, safu ya pili, penye ukuta.

Watu wazima wote wa mji wanaijua habari hiyo. Hamoudi angemuuliza mtu yeyote, hata muuza kahawa, angeambiwa. Lakini kuuliza kaburi la mama yako liko wapi ni kukiri kwamba hulijui, na yeye alikuwa na kamera mbele yake. Akapiga hesabu za kichwani, baba yuko hapa, basi mama ni huyu.

Karibu na mlango Mzee Majaliwa alikuwa ameketi na sahani ya pilau. Macho yake yakakutana na ya Bi Miza. Mzee akainamisha uso akaendelea kula, polepole mno. Wengine waliokuwa wakijua hawakutazama makaburi, walitazama machozi. Bi Miza akaondoka bila kugusa chakula, na nyumbani alitapika.

Asubuhi Hamoudi alikuja dukani. Safari hii alikuja peke yake, gari na dereva amewaacha mwisho wa mtaa. Hakuwa na kilemba. Alionekana mchovu na mdogo, na kwa kitambo Bi Miza alimuona yule mtoto aliyekuwa akilala juu ya marobota ya vitambaa.

"Mama mdogo, umeona," alisema. "Nimemfanyia mama kitu. Watu wanasema ya kamera, najua. Lakini kule juu, ile mashine ilipozima, kukawa kimya, sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilikishika kile kichupa nikamsikia mama karibu yangu. Wallahi nilimsikia. Nimekuja uniambie umeniridhia, niondoke na moyo mweupe."

Alikuwa anasema kweli. Bi Miza ameshaona watu wengi wanaolia kwa uongo mbele ya maiti, anawatambua, na huyu hakuwa mmoja wao. Hilo lilimuumiza kuliko uongo. Alifikiri kumwachia. Angesema tu nimekuridhia, wakashikana mikono, kijana akaenda zake na mama yake wa kwenye kichupa. Nani angedhurika? Saida mwenyewe angesema mwache. Lakini neno hilo hakulitamka, kwa maana angekuwa anamsaidia kumsahau yule aliyelala penye ukuta.

"Kichupa unacho?"

"Ninacho."

"Twende."

Alifunga duka wakatembea. Hamoudi alitaka gari, yeye akakataa. Makaburini palikuwa na umande, majani yamefika magotini. Walisimama kando ya kaburi la baba, na pale pa kulia shimo la mkono wake lilikuwa bado linaonekana.

"Ulichota hapa," alisema Bi Miza.

"Ndiyo."

"Hapa si mamako, mwanangu."

Akamweleza yote: bahari, maiti isiyo na jina, wazee walivyozozana, na neno alilolituma Saida. Hakumpigia kelele. Alisema kama anavyowaeleza wafiwa namna ya kukunja sanda, polepole, asije mtu akakosea.

Hamoudi alitazama kichupa mkononi mwake. Rangi ilimtoka usoni. Bi Miza alisubiri. Alijua swali linalokuja, alikuwa na jibu lake, na radhi ilikuwa nyuma ya swali hilo, iko tayari. Akishauliza tu, atamshika mkono, atampeleka, watakaa chini wote wawili na atamwachia alie mpaka achoke.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Hamoudi.

"Anajua nini?"

"Kwamba ni kaburi hili."

"Majaliwa ameona."

"Ni mtu wa kutunza siri?" Alikuwa ameshaanza kutembea huku na huko, simu mkononi. "Mama mdogo, ile video wameitazama dunia nzima. Nina watu Dubai, nina wawekezaji wanataka kuanzisha safari hizi kwa wateja wa Kiarabu, wote wamelia nami. Ikijulikana nitakuwa kichekesho. Tuiache kama ilivyo. Na ukifikiri vizuri, ukiwa kule juu unaona binadamu wote ni kitu kimoja. Huyu au mama, kuna tofauti gani? Mama angefurahi."

"Mrudishie mtu udongo wake."

Aliinama haraka akakimimina kichupa kwenye shimo, akalifukia kwa ncha ya kiatu. Kisha akamgeukia. "Basi umeniridhia?"

"Kuna jambo hujaniuliza."

Alifikiri. Alijitahidi kufikiri, uso ukakunjamana kwa jitihada. Halafu ukanyooka, akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyeelewa hatimaye.

"Sema tu unachotaka, mama mdogo. Nyumba inahitaji paa jipya, naliona. Hija je, utapenda kwenda? Chochote, nitakufanyia."

Bi Miza alimpita, akaenda safu ya pili penye ukuta, akachuchumaa akaanza kung'oa majani yaliyoota kati ya mawe mawili. Aling'oa kwa mikono yote miwili, na mgongo wake ulikuwa ukitikisika. Hamoudi alimtazama kitambo, akidhani mama mdogo amekasirika ameamua kusafisha makaburi ya watu. Alitazama saa. Akamwambia anatangulia, ndege yake ni ya mchana, watazungumza kwa simu. Njia fupi ya kwenda garini ilipita hapo penye ukuta, basi akaishika kanzu isilowe umande, akaruka kaburi la mamake, akaenda zake.